Jicho la Kuuma

Simu iliita ndani ya sidiria ya Kanyere.

"Allô."

"Maharage yako imeingia maji. Gari nyeupe. Inashuka beach."

"Compris."

Basi. Hakuna salamu, hakuna habari ya watoto. Tonton Hubert, mkuu wa Idara, siku zote huzungumza kama mtu mwenye meno mapya anayeogopa yasidondoke.

Maharage ni dawa. Maji ni mto, na beach ni bandari yake. Maana yake dawa zinatoroka kwa njia ya mto, na zinatoroka sasa hivi, mchana kweupe, bila haya.

Kanyere aliirudisha simu yake ya Itel ilikotoka, akatazama barabara. Land Cruiser nyeupe ilikuwa imempita punde tu, vioo vyeusi, ikipiga honi kama imezaa. Yeye hakuwa na gari. Gari la Idara lilikuwa gereji tangu Pasaka, likingoja kipande kutoka Kinshasa. Serikali inapiga vita maadui wa nchi, lakini kwanza ingoje kipande.

Toleka, teksi ya baiskeli.

"Papa! Beach! Mbio!"

Mwenye baiskeli aliitwa Isaïe, mtu wa mtaa wa Mangobo, mashavu ya miguu yamekaza kama chikwangue, ule mkate wa muhogo. Alimtazama mama huyu wa miaka hamsini na kitu, mapaja ya kuuzia jumla na si rejareja, mfuko wa likayabu, samaki wa chumvi, mkononi. Kisha akaitazama baiskeli yake kwa huruma.

"Mama, ni mbio ya namna gani?"

"Ile gari nyeupe inaenda na macho yangu."

"Macho yako? Si iko hapo kwa uso?"

"Kanyaga, Papa. Nitakueleza tukiwa njiani."

Akakanyaga.

Usicheke. Pale Makiso, katikati ya mji wa Kisangani, saa ya soko, Land Cruiser ni ng'ombe tu. Mbele yake kuna mikungu ya ndizi, kuna wanafunzi, kuna shimo ambalo kila mkuu wa mji huahidi kuliziba kisha hulirithisha kwa mwenzake. Toleka inapita katikati kama uzi kwenye sindano.

"Donc," Isaïe alihema, "macho yako iko ndani ya gari?"

"Ndani ya glacière. Sanduku ya baridi, ya buluu."

Isaïe akazidi kukanyaga. Mwendawazimu akikulipa vizuri, ni abiria kama wengine.

* * *

Lakini Kanyere hakuwa mwendawazimu.

Sokoni walimjua kama muuza maharage wa jumla, mama wa Kinande kutoka Butembo, Mkatoliki wa misa ya kwanza. Idara ilimjua kama jasusi aliyewahi kusafirisha maiti ya muuza silaha chini ya magunia ya mbaazi bila mbaazi hata moja kuharibika.

Kisha jicho lake la kushoto likaanza kuliwa.

Lililiwa pole pole, kuanzia pembeni. Alimwaga chai kando ya kikombe. Aligonga fremu ya mlango kwa bega, akaulaumu mlango. Baadhi ya jioni jicho lenyewe lilimuuma, na taa zikawa na duara la rangi kama taji la mtakatifu. Akaenda kwa Daktari Déborah, mwanamke mwembamba asiyejua kubembeleza.

"Mama, iko tension ya macho. Glaucome."

"Tension? Mi sikule chumvi!"

"Hapana ile ya damu. Maji ndani ya jicho inafinya mushipa, mushipa inakufa. Kipande kimekufa hakirudi. Dawa inalinda tu ile imebakia. Na wewe uko na bahati, yako inauma. Kwa batu wengi haiumi hata kidogo, banakuya hapa wakati giza imeisha kuingia."

Bahati. Kanyere aliipokea bahati hiyo bila kushukuru.

Wakati huohuo, kule mtaa wa Kabondo, ilikuwa imefunguliwa kliniki ya utafiti. Matone mawili ya macho, moja la zamani na moja jipya, yote ya ukoo mmoja. Wagonjwa wanagawanywa bila kujua nani anapata lipi. Kila mwezi wanapimwa mgandamizo wa jicho, wanapimwa mapana ya kuona, na mwisho inajulikana tone lipi linawafaa watu wa huku. Kazi nzuri. Daktari Déborah mwenyewe aliwapeleka wagonjwa wake pale kwa mikono miwili.

Utafiti haukuwa upumbavu. Mpumbavu alikuwa mwenye funguo za friji.

Aliitwa Profesa René. Mzungu mrefu mwenye koti lenye mifuko mingi kuliko duka la Mhindi, na katika mifuko yote hiyo hakuwa na punje ya aibu. Kila mwezi aliripoti kwao Ulaya kwamba wagonjwa wanapona ajabu. Na kila mwezi wagonjwa walikuja wameongeza manundu ya kujigonga. Papa Liévin, mvuvi wa Yanonge, alikuwa sasa anauona mto kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi. Daktari Déborah alipouliza, aliambiwa data ni siri. Alipouliza tena, alifungiwa mlango. Akaipigia simu Idara.

Idara ilihitaji mgonjwa wa kweli, asiyeigiza. Tonton Hubert alifurahi kama mtu aliyeokota kuku barabarani.

"Kanyere! Ile jicho yako, bado haijapona?"

* * *

Siku ya kuandikishwa, Profesa René alimpokea mwenyewe. Mkalimani hakumtaka. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwenye simu, kwa somo moja kila asubuhi akiwa chooni, na alijiona ametimia.

"Hujambo, mgonjwa mpendwa. Tafadhali, ni jicho lipi lenye hitilafu?"

Kanyere alitafakari neno *hitilafu*, akaliacha lipite.

"Ni ile ya kuuma, Professeur."

"Aha!" Uso wa profesa uling'aa. "La *kuume*! Neno la kale! Mkono wa kuume, jicho la kuume. *Droite*." Akaandika: kulia.

Kanyere alifungua mdomo.

Kisha akaufunga. Muuza maharage angemsahihisha. Jasusi haokoti kilichodondoshwa na adui, anakikalia.

Pembeni ilikuwepo mashine ya kupimia mapana ya kuona, bakuli kubwa jeupe la kuingiza uso, mgonjwa anabonyeza kitufe kila anapoona kinuru. Mashine ile ingesema ukweli mara moja, kwa maana haina Kiswahili cha chooni. Lakini ilikuwa imefunikwa kitambaa cha meza chenye maua, na juu yake pamewekwa chungu cha ua la plastiki. Waya wake haukuwahi kuonja umeme.

"Nisipime, Professeur?"

"Imekwisha! Hongera!"

Akachora mwenyewe, pale pale, ramani ya jicho la Kanyere. Upande wa kulia aliupaka weusi kwa kalamu, akiimba kidogo puani. Hivi ndivyo sayansi yake ilivyopikwa. Hata anayepika lotoko, pombe kali ya magendo, kichakani hupima moto.

Kanyere alipewa kichupa. Nyumbani alidondosha tone moja ulimini.

Maji ya chumvi.

Kwa hiyo dawa zenyewe ziko wapi?

Jibu lilitoka kwa Daktari Déborah, na lilikuwa la kuchekesha mpaka likakasirisha. "Mama, dawa ya ukoo huu, ya zamani ao ya mupya, iko na kamchezo kamoja. Inaotesha kope. Inakuwa mrefu, nyeusi, mingi. Mutu mwenye kutumia miezi mitatu, utamutambua kwa njia. Angalia kope ya wagonjwa."

Kanyere aliangalia. Foleni nzima ya kliniki, kope zilikuwa kama nywele za mtoto mchanga. Papa Liévin alikuwa na tatu, na moja ilikuwa inaaga.

Basi akaanza kuangalia kope za mji.

Alizikuta Makiso, kwenye saluni yenye kibao cha rangi ya waridi: *Maison Josée, Coiffure et Cils*, na namba ya simu chini yake. Madame Josée, mwenye saluni, alikuwa rafiki wa ndani sana wa Profesa René. Kope zake! Alipofumba macho upepo ulikufikia. Wateja wake, wake wa mabosi, walikaa wamepanga mstari wakipepesa kama kundi la vipepeo waliolewa. Na wengine walikuwa Kinshasa, na wengine Dubai, wote wakingoja.

Ndiyo njama yote. Hakuna bomu, hakuna mapinduzi. Vipofu wa mkoa wa Tshopo walikuwa wanaotesha kope za wanawake ambao macho yao hayaumwi kitu.

Kanyere aliketi kusukwa. Aliomba Fanta. Josée alipofungua friji, miwani ya Kanyere, yenye kamera ndogo kwenye fremu, ilipiga picha: bia ya Primus, Fanta, vichupa vya matone vilivyokwanguliwa karatasi. Lakini mkono wake ulishawishika kugusa kichupa kimoja, na Josée akaona.

Josée akampigia mpenzi wake simu.

Ndiyo maana asubuhi hii profesa alipakia sanduku lote la robo nzima ya mwaka, dawa zilizofika juzi kwa ndege. Likivuka mto, hakuna jingine kabla ya utafiti kufungwa. Papa Liévin angeupoteza ule mwanzi wake. Na jicho la Kanyere lingeendelea kuliwa.

* * *

Mataa ya zamani, yasiyowaka. Land Cruiser imenaswa nyuma ya mkokoteni wa magodoro.

"Mama, tumupite?"

"Mupite. Usimuangalie."

Wakampita. Kanyere alichomoa simu kifuani, akabonyeza namba ya kwenye kibao cha waridi.

"Maison Josée, bonjour."

"Bonjour, Maman. Ni rafiki yako anakupigia. Professeur wako iko naenda beach na glacière ya buluu. Hors-bord inamungoja. Na valise moja tu, nguo ya mutu moja."

Ukaja mlio wa kikaushio cha nywele kilichoanguka chini.

"*Moja?*"

Kanyere akakata.

Beach ya Makiso ilinuka mafuta ya mawese na samaki. Hors-bord ya Yamaha, boti ya mashine, ilikuwa imefungwa mwishoni mwa gati la mbao, dereva wake anakula chikwangue. Kanyere alishuka, akamwambia Isaïe amngoje, akapita kati ya marundo ya magunia. Kichwa alikuwa anakigeuza kushoto kila mara. Upande ule dunia yake ilikuwa imekunjwa kama kitenge, na ndani ya mikunjo mtu anaweza kuweka chochote.

Land Cruiser ilifika. Profesa René alishuka na sanduku la buluu amelikumbatia. Nyuma yake alishuka Lukumani, mlinzi wake, kijana mwenye shingo pana na kazi nyepesi ya kichwa.

Kanyere alisimama katikati ya gati.

"Mbote, Professeur. Mi nimekuja kwa rendez-vous yangu."

René hakushtuka sana. Alitabasamu, tabasamu la mtu aliyesoma faili lako.

"Bi Kanyere. Jasusi. Mimi ninayo ramani ya jicho lako, unaelewa? Ninajua usipoona." Kisha, kwa sauti ya chini, kwa Kifaransa, kana kwamba Kifaransa ni siri Kisangani: "Lukumani. À droite. Elle est aveugle à droite." Yaani haoni kulia.

Lukumani akaokota kasia. Akazunguka magunia. Akajitokeza upande wa kulia wa Kanyere.

Sasa tazama ujinga unavyotembea.

Lukumani alitembea kwa vidole, ulimi nje, kasia juu, peupe kabisa. Kanyere alimwona tangu alipoinama. Aliona vifungo vya shati lake, viwili havipo. Alimwona akikanyaga kichwa cha samaki, akiteleza, akijiweka sawa, akijiwekea kidole mdomoni kujinyamazisha mwenyewe. Mabaharia kwenye mtumbwi wa jirani waliacha kazi wapate kutazama.

"Professeur," Kanyere alisema bila kugeuka, "huyu mutoto iko naenda kanisa na ile kasia, ao?"

Lukumani akaganda.

Mfuko wa likayabu ulizunguka mara moja. Samaki mkavu wa chumvi, pande zima, ni kama ubao wenye harufu. Ulimpata kwenye sikio. *Pwa!* Lukumani alikaa chini, akaliacha kasia, akaanza kumwita mama yake kwa Kilingala.

Kutoka ndani ya mfuko huohuo Kanyere alichomoa bastola yake ya Browning, imekaa na chumvi mpaka imekuwa na ladha.

"Weka sanduku chini."

Tabasamu la René lilikatika. Lakini mwoga naye ana akili zake. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ukingo wa gati, akalinyoosha sanduku juu ya maji.

"Bunduki chini, ama ninatupa! Zote! Zitaliwa na samaki!"

Mto ulipita chini yake, mzito, wa kahawia, hauna haraka na hautoi risiti.

Kanyere aliliangalia sanduku. Alimfikiria Papa Liévin na mwanzi wake. Alilifikiria jicho lake, kipande kile kilichobaki, kidogo, chake.

Akainama. Akaiweka Browning juu ya mbao.

"Vema," alisema René. "Mgonjwa mpendwa."

"Professeur, kabla hujaenda. Ni kweli kope ya mzuri inapita macho ya mutu?"

"Vipofu hawalipi, mama. Wazuri wanalipa." Alisema hivyo bila chuki, kama mtu anayetoa bei ya nyanya. "Na ninyi huku hamjui tofauti."

Ndipo Kanyere akasikia harufu. Nywele zilizoungua na marashi ya Paris yaliyotengenezwa Lagos. Ilitoka kushoto. Hakuona kitu. Hata kivuli.

Kisha kitu cha waridi kilimpita kama kombora.

Madame Josée. Bigudi za kuviringia nywele kichwani, kitambaa cha saluni shingoni, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi.

"Valise *moja*, René? Moja?"

"Josée, chérie, nilikuwa ninatafuta..."

"Chérie ya nani? Ulisema tutaenda siku ya Dimanche! Ulisema batu wawili! Mi nimeshafunga hata friji!"

Kiatu kilitua. Kisigino kirefu, paji la uso. René aliinua mkono mmoja kujikinga, na mkono mmoja hautoshi sanduku la namna ile. Josée akalinyakua. René akabaki amekumbatia hewa, akapepea kidogo kwenye ukingo, akaenda.

*Chubwi.*

Maji yalimfika kiunoni tu. Chini yake ni matope ya beach, na matope yale yana kila kitu ambacho mji haukitaki. Mabaharia walipiga makofi.

Josée aligeuka, sanduku kifuani, kope zikipepea. Alikuta Browning imesharudi mkononi mwa mwenyewe.

"Merci, Maman Josée. Sasa weka chini, pole pole."

"Hii ni yangu!"

"Hii ni ya macho. Si ya kope."

Josée alitazama bunduki. Alitazama kiatu chake kilichovunjika. Akaweka sanduku chini, akakaa juu ya gunia, akalia, na machozi yakapata taabu ya kupita.

Kanyere alitoa redio yake ya Motorola kwenye mkunjo wa kitenge.

"Tonton. Maharage imekauka."

"Na wadudu?"

"Watatu. Moja iko na baridi."

"Tutatuma gari."

"Gari gani, Tonton?"

"Tutatafuta."

Profesa René alipandishwa na mabaharia, pingu za Kanyere mikononi, kipande cha gugu-maji kimemkaa sikioni. Aliendelea kumtazama Kanyere machoni, jicho moja, kisha jingine, kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Lakini wewe ulisema... wewe mwenyewe ulisema! La kuume!"

"*Kuuma*, Professeur. Ile yenye kuniuma. Kushoto." Alimpangusa tope begani kwa ncha ya kidole. "Kama ungechomeka ile mashine kwa kuran ya umeme, ingekuambia bure."

* * *

Jioni bado ilikuwa mbali Isaïe alipomshusha Kanyere Kabondo, sanduku la buluu mapajani. Barafu yake ilikuwa bado ngumu. Daktari Déborah, sasa yeye ndiye mwenye funguo, alikuwa ameshaondoa chungu cha ua la plastiki na kitambaa cha maua, na lile bakuli jeupe lilikuwa linaunguruma, linawaka, kwa mara ya kwanza. Foleni ilifika barabarani. Papa Liévin alikuwa wa kwanza, amevaa suti.

"Niliambiwa kope itaota," alimnong'oneza Kanyere. "Bibi yangu atasema nini?"

"Atasema umeoa tena."

Walimpima kila mmoja, jicho kwa jicho. Ramani ya Kanyere ilitoka kwenye mashine ikiwa na weusi wake mahali pake pa kweli. Weusi ulikuwa umekula zaidi kuliko alivyodhani. Daktari Déborah hakubembeleza.

"Ile imeenda, Mama, imeenda. Tunalinda hii."

"Linda."

Daktari alifungua kichupa kipya, akamwinamisha kichwa.

"Tone ni kwa jicho gani?"

Kanyere alinyoosha kidole, akaligusa shavu chini ya jicho lenyewe.

Tone likaingia, baridi, likachoma kidogo. Alipepesa mara mbili. Akavaa miwani yake, akachukua mfuko wake wa likayabu, uliopinda upande mmoja, akaenda barabarani.

Kabla ya kuvuka aligeuza kichwa kushoto. Aligeuza chote, bila haraka, mpaka kidevu kikagusa bega. Akahakikisha. Kisha akavuka.